Dakika Kumi na Moja za Boksi la Kura

Fundi,

Nilikupoteza wiki tisa zilizopita, siku ya Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani. Hilo nimelililia, nikadhani nimemaliza. Halafu Alhamisi iliyopita nikapoteza kitu cha pili, na hicho ndicho kimenifanya nichukue kalamu. Nimepoteza uhakika kwamba ulikuwa mtu safi. Uhakika huo uliniponyoka saa nane na robo mchana, kwenye meza yako mwenyewe hapa mtaani Free Area, chini ya ile saa ya ukutani unayoijua kwamba inachelewa dakika sita.

Nilianza na neno "Mpendwa" mkono ukakataa. Kwa hiyo nakuita Fundi, kama nilivyokuita miaka kumi na miwili, na usitafute utamu zaidi ya huo.

Habari za hapa. Kibanda chetu cha ufundi bado kiko. Jina lako sijaling'oa mlangoni, ingawa mwenye nyumba ameuliza mara mbili. Kile kiti cha wateja chenye mguu mfupi nimekipigilia kipande cha ubao na sasa hakiyumbi. Ilichukua dakika tano kazi uliyoiahirisha miaka saba. Shati lako la kazi liko msumarini palepale. Mpaka wiki jana nilikuwa nalishika kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha. Sasa silishiki.

Nitaeleza mambo mengine unayoyajua vizuri kuliko mimi. Ni kwa sababu barua hii nitaisoma mbele ya wanachama Jumamosi, na wao wana haki ya kuelewa tulichowafanyia.

Sisi ni watu tisini na sita. Tulichanga miaka tisa, tukanunua shamba la zamani la mzungu kule juu ya Njoro, likapimwa ploti tisini na sita, moja kwa kila mtu. Ploti hazilingani. Namba 1 hadi 12 zimelalia barabara na kisima kiko karibu. Namba 85 hadi 96 ziko korongoni, ambako mvua ikikolea udongo unaondoka na viazi vyako unavitazama. Ndiyo maana lazima kura ipigwe. Tangu watu wa huku waanze kununua mashamba kwa vikundi, kura ni sufuria: karatasi zenye namba za ploti zinakunjwa, zinatiwa kwenye ile sufuria kubwa ya kanisa ya kupikia githeri, mahindi na maharagwe, na kabla yeyote hajachota, kila mwanachama anakoroga mara moja kwa mwiko. Mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Inachosha. Asubuhi nzima inaisha watu wazima wakikoroga karatasi. Lakini ukishakoroga kwa mkono wako, utamlaumu nani?

Halafu tukasikia kwamba kwenye kikundi kimoja cha jirani karatasi za ploti nzuri zilikuwa zimelazwa kwenye friza. Mkono wa aliyedokezwa ukiingia unaisikia ile baridi, unaitoa. Watu wetu wakaingiwa na hofu. Mwenyekiti akasimama akasema, "Tutumie mashine. Mashine haina mjomba." Ukumbi ukacheka. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, nina fundi.

Mimi ndiye niliyesema. Hilo naliandika ili lisisemwe na mtu mwingine.

Nilijua naleta mtu gani, au nilidhani najua. Nilikuja kwako nikitoka mashamba ya maua ya Karagita, mikono imejaa alama za miiba ya waridi, na mali yangu yote ilikuwa hesabu. Kule kwenye ghala la maua nilihesabu mashina ishirini ishirini siku nzima na sikukosea. Ulinipa karatasi ukasema, "Andika namba mia moja, kati ya sifuri na tisa, bila mpango wowote. Ovyo tu." Nikaandika. Ukaipitia kwa kalamu nyekundu, ukacheka mpaka ukakohoa. "Rhoda, hujarudia namba moja mara mbili mfululizo hata mahali pamoja. Katika mia ungerudia kama mara kumi hivi. Unaogopa kurudia. Bahati haiogopi."

Siku hiyo nilielewa kwamba ovyo ni kazi ngumu. Mtu hawezi kuitoa kichwani mwake, na mashine ndiyo kabisa. Mashine ni mtiifu. Ukiipa mwanzo uleule itakupa mwisho uleule, leo na kesho na mpaka itupwe. "Mashine haina bahati," ulisema. "Bahati inaiokota nje."

Ukanionyesha inavyoiokota. Kuna mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoamka kwanza na kuzisimamia nyingine zote, na moja ya kazi zake ni kuitegea dunia sikio. Mtu akiandika kwenye kibodi, mfumo unapima muda kati ya herufi na herufi, kwa vipande vya sekunde ambavyo hakuna kidole kinaweza kuvipanga. Panya ya kompyuta ikisogezwa, unapima. Diski ikichelewa kidogo, unapima. Ujumbe ukiingia kutoka mtandaoni, unapima. Makombo hayo yote yanamwagwa mahali pamoja, yanakorogwa kwa hesabu nzito, na hapo ndipo programu zinachotewa namba ambazo hakuna mtu angezibashiri. Siku moja tulikuwa tunamtengenezea mteja ufunguo wa siri, mashine ikakwama ikingoja. Ukanishika mkono ukauweka juu ya panya. "Itikise. Iko na njaa." Nikaitikisa kama mwendawazimu, ikashiba, ikaendelea, na wewe ukaniambia nimepika vizuri.

Hayo ndiyo niliyoyazika pamoja nawe. Sasa boksi.

Ulilijenga zuri. Bati la kijivu, kitufe kimoja chekundu, printa ndogo ya risiti, na ndani kadi ndogo ya kumbukumbu yenye mfumo na programu. Hukuweka kibodi, wala panya, wala diski, wala mtandao, ili asipatikane wa kuingiza mkono. Kadi uliifunga isiandikike, kwa sababu stima ya huku ikikatika ghafla inaharibu kadi. Nilikusifu kwa hilo. Na kwa kweli kila uamuzi ulikuwa wa maana ukiutazama peke yake. Ukiutazama pamoja na mingine, tulikuwa tumejenga kiziwi. Boksi halikuwa na chochote cha kusikiliza.

Tena kuna ile mbegu. Ndivyo ulivyoiita. Mfumo endeshi ukizimwa huacha faili dogo la namba zilizokorogwa, ili kesho usiamke mtupu. Lakini kadi yetu imefungwa, haiandikiki, kwa hiyo mbegu haibadiliki; kila likiwashwa, boksi linaamka na mbegu ileile ya siku ulipolijenga. Mfumo wenyewe unaijua hatari hiyo. Hauitegemei mbegu peke yake. Unangoja ukusanye kitu kipya kwanza, hata kama ni mitikisiko midogo ya saa yake ya ndani, na kama hakuna cha kukusanya, unangoja sana.

Jumatano ile, siku tatu kabla ya kura, tuliliwasha hapa mezani. Tukabonyeza. Likanyamaza dakika kumi na moja, nilizihesabu mimi, kisha likachapa orodha. Tukazima, tukawasha: dakika kumi na nusu, orodha tofauti kabisa. Boksi lilikuwa polepole, lakini lilikuwa la haki.

Ulisema watu hawatavumilia. Nikakuambia hiyo si shida, waache wote tisini na sita wabonyeze kile kitufe, mmoja mmoja. Nani anaweza kupanga muda kati ya kidole cha shosho, bibi mzee mmoja, na kidole cha mwingine? Litashiba lenyewe. Ulinitazama, miwani imekushuka puani, ukasema, "Rhoda, huo ndio mwiko." Sijui kama umewahi kunisifu zaidi ya hapo. Nilitembea na sentensi hiyo miezi yote hii.

Alhamisi na Ijumaa sikuwepo. Nilishuka Karagita kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua. Siku mbili. Katika miaka kumi na miwili ulikosa macho yangu siku mbili.

Jumamosi nilipofika ukumbini nilikuta daftari la wanachama limebandikwa mlangoni, limechapwa upya. Mimi ni mwanachama namba 61 tangu siku tuliyoanza, kadi yangu ya uanachama inasema hivyo. Pale mlangoni nilikuwa 23. Nikamuuliza katibu, akasema, "Tumepanga kwa alfabeti, mathe." Nikaingia. Sikurudi kusoma hata majina matatu. Ningesoma matatu ningeona hakuna alfabeti yoyote pale. Mimi ninayehesabu ngazi nikipanda, sikuhesabu herufi.

Utaratibu ulikuwa kwamba boksi linachapa ploti ya mwanachama namba 1, kisha ya namba 2, hadi 96. Mwenyekiti akasema hakuna haja ya watu wote kubonyeza, jua ni kali na wazee wamechoka. Akabonyeza yeye, mara moja, akiwa ameinua kidole juu kwanza kama mtu anayebariki. Risiti ikaanza kutoka baada ya sekunde nne.

Sekunde nne, Fundi. Jumatano dakika kumi na moja, Jumamosi sekunde nne. Na mimi nilipiga makofi. Nilidhani umepata dawa yake usiku mmoja kwa ule ujuzi wako, nikajivunia, nikamgeukia jirani yangu nikasema huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Wewe hukupiga makofi. Ulikuwa umeinama unafunga waya ambao tayari ulikuwa umefungwa.

Namba 23 ilipata ploti ya 7. Barabarani, hatua arobaini kutoka kisimani.

Wiki tatu baadaye ukalazwa. Mapafu, wakasema. Siku ya mwisho kabla ya ile Jumanne uliniambia kitu kimoja tu cha kazi: "Rhoda, ile kadi usiifute." Nikakuambia sitaifuta, pumzika. Nilidhani unaipenda kazi ya mikono yako.

Kwenye mazishi yako mwenyekiti alizungumza. Alisema marehemu alituletea uwazi. Alilirudia neno hilo, uwazi, uwazi, kama mtu anayetafuna kitu kitamu. Kisha akala. Nilikuwa napakua kwa hiyo nilimwona: akamshika mke wako, Mama Faith, mkono akimpa pole, na mkono wa pili akapangusa mafuta ya nyama kwenye kona ya kitambaa cha meza. Mama Faith alikifua kitambaa kile mara tatu. Siku hizo nilidhani kinachonikera ni adabu ya mezani.

Sasa nije kwa Alhamisi.

Mama Tabitha alikuja kuchaji simu. Unamkumbuka, yule shosho anayeuza viazi kwa debe kando ya barabara, aliyekuita "daktari wa redio" mpaka mwisho. Alipata ploti ya 90, korongoni. Alikuwa amekwenda kuitazama baada ya mvua, akarudi na matope mpaka magotini, na safari hii hakuwa na mzaha. Akatoa kadi yake ya uanachama kwenye kitambaa alichofungia, akaiweka mezani. Imeandikwa 23.

Akasema, "Rhoda, mimi nilikuwa ishirini na tatu toka tuanze. Nani alinipa sitini na moja?"

Nikamwambia labda ni kosa la uchapaji. Akaangalia huku na huku kwenye kibanda, akaliona boksi juu ya rafu. "Si kile ndicho kimashine chenyewe? Basi kiwashe tukiulize."

Nililiwasha ili kumridhisha. Kweli. Nilidhani litanyamaza, halafu nitamweleza mambo ya kungoja, atachoka, ataenda. Nikabonyeza. Sekunde nne. Risiti ikatoka: 17, 62, 5, 40, 81. Nikafungua simu, nikatafuta picha niliyopiga ya risiti ya siku ya kura. 17, 62, 5, 40, 81. Nikashuka nayo mpaka chini. Mstari wa 23, ploti 7. Mstari wa 61, ploti 90. Zote tisini na sita, moja baada ya nyingine.

Nikazima, nikawasha tena. Zilezile.

Namba tano tu za mwanzo kutokea tena kwa mpangilio uleule ni mara moja katika bilioni saba, milioni mia tatu thelathini na nne na kidogo. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama, kwa sababu nikishtuka huwa nahesabu. Ni karibu sawa na kumtaja mtu mmoja kati ya wote walio duniani na kumpata. Na hapo ni tano tu, sijagusa tisini na moja zilizobaki.

Mama Tabitha macho yake hayaoni maandishi madogo. Akauliza, "Kimesema nini?"

Nikamwambia kimesema kinahitaji kurekebishwa.

Nilimdanganya, Fundi. Mwanamke mwenye matope magotini, kwenye kiti nilichokirefusha mguu mwenyewe. Akachukua simu yake, akaniachia viazi vitatu juu ya meza kwa kunisumbua. Viko hapa bado. Vimeanza kuchipua na siwezi kuvitupa wala kuvipika.

Alipoondoka nilifungua programu. Mstari wa kungoja haupo. Kadi ilifunguliwa, mstari ukafutwa, kadi ikafungwa tena, na mahali pake programu imeambiwa ichukue ile mbegu moja kwa moja kutoka kwenye faili, bila kuuliza mfumo kama umeshiba. Mbegu ileile, orodha ileile, milele. Aliyeiona orodha Ijumaa aliijua kura ya Jumamosi. Wala hakuhitaji kugusa boksi tena. Alihitaji kugusa daftari la majina tu.

Nikaliomba kwa katibu lile daftari la zamani, nikalilinganisha na lile la mlangoni. Majina ishirini na mawili yamebadilishana nafasi, jozi kumi na moja. Ploti za barabarani ni kumi na mbili. Moja, ile ya 5, ilimwangukia mwalimu mmoja mstaafu ambaye ni mwanachama namba 3 tangu zamani, kwa bahati yake halali. Wamemwachia, nadhani ili picha ipendeze, na mpaka leo anatoa shukrani kanisani. Kumi na moja zilizobaki zimekwenda kwa majina yaliyohamishwa. Mwenyekiti, mkewe, wanawe wawili, shemeji zake watatu, katibu, mweka hazina na mkewe. Hao ni kumi.

Wa kumi na moja ni mimi.

Hao kumi nawaelewa. Nilikuwa nawadharau kabla na sasa nawadharau kwa takwimu. Lakini mimi? Nani aliketi chini, akachukua jina langu kutoka 61, akalipeleka 23, akamchukua Mama Tabitha akamsukuma korongoni? Labda ni mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa katika wanachama wote mimi pekee ningeweza kufungua hilo boksi na kulisoma, na mdomo ukiwa na kitu ndani hausemi. Labda alinitupia kama asante kwako bila wewe kuomba. Au labda wewe ndiye uliyeomba. Labda ulisema, sawa, nitafuta mstari, lakini Rhoda naye apate pazuri, ametoka mbali. Nakusikia ukisema hivyo. Nakusikia vizuri mno, na sauti ni yako kabisa, ile ya kunong'ona unapompunguzia mteja bei. Hicho ndicho kinaninyima chakula.

Kuna njia ya nne na nimeizunguka wiki nzima. Kwamba ulichoka. Kwamba Ijumaa ulikuwa peke yako, kifua kinakubana, mwenyekiti ameketi pale anasema dakika kumi na moja ni aibu, na ukaufuta mstari ili kazi iende, orodha ikatoka, akaichukua kama kumbukumbu, na wewe hukufikiria zaidi. Mama Faith anasema kweli alikuja Ijumaa, akakaa mpaka chai ikapoa. Ningependa iwe hivyo. Lakini hata ikiwa hivyo, Fundi, uliondoa mwiko. Uliusifu Jumatano na ukautupa Ijumaa, na wewe ndiwe mtu pekee katika Nakuru yote niliyemjua ambaye hakuweza kusema hakujua maana yake.

Ploti ya 7 nimeilima. Hukuiona. Nilizungusha waya, nikapanda kabichi mistari thelathini, zimefunga vizuri kwa sababu udongo ule ni mtamu na maji yako karibu. Jumapili nilikata moja nikaipika. Sikuweza kuimeza. Niliitema kwenye sahani yangu mwenyewe, mtu mzima, mezani peke yangu.

Jumatatu mwenyekiti akapiga simu. Katibu lazima alimwambia nimeomba daftari la zamani. Hakunitisha, angenitisha ningemheshimu kidogo. Alicheka. Akasema, "Rhoda, wewe ni mtu wa hesabu. Hesabu uliyo nayo, halafu hesabu utakayobaki nayo." Kisha, kwa sauti ya upole kabisa: "Na umfikirie marehemu. Watu wanamkumbuka vizuri." Ameshika jina lako kama ngao, na mafuta bado yako vidoleni.

Nilihesabu, kama alivyoniomba. Jana nimeng'oa waya. Nguzo kumi na sita, zimelala kibandani chini ya shati lako. Mama Tabitha nilimwendea asubuhi kule kando ya barabara nikamwambia kila kitu, pamoja na kwamba nilimdanganya. Alipanga viazi kwenye debe, vikubwa juu. Kisha akasema, "Kabichi zivune wewe, umezitolea jasho. Ardhi tutaipigia kura." Halafu akauliza kuhusu wewe. Akauliza, "Na daktari wa redio, alijua?"

Naweza kumwambia saa uliyokufa na dakika yake. Hilo siwezi.

Kadi haisemi. Boksi halina betri ya saa, kila likiwashwa linadhani dunia imeanza upya, kwa hiyo limeandika kwamba mstari ulifutwa tarehe moja Januari mwaka 1970, siku ambayo saa za mashine huanzia kuhesabu, wakati wewe hujaota meno. Lakini wewe hukuwahi kuziamini saa za mashine. Uliandika kila kazi kwenye yale madaftari ya miraba, kwa saa ya mkononi, nani amekuja, umegusa nini, saa ngapi. Daftari lililo hapa linaishia Alhamisi ile: "Saa 10.40 jioni. Bado dakika 11. Wabonyeze wote kama R. alivyosema." Mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho. Linalofuata liko kwenye sanduku la nguo zako, Mama Faith amelipata, hajalifungua. Nimemwomba asilifungue. Analileta Ijumaa hii, saa kumi jioni.

Jumamosi saa nne asubuhi wanachama watakuwa ukumbini. Nitaliwasha boksi mbele yao mara mbili, waone orodha ileile ikitoka mara mbili. Nitasoma madaftari yote mawili ya majina, na barua hii. Kisha sufuria ya githeri itawekwa katikati, nimeshamwomba mama wa jikoni aioshe, na karatasi zote zitarudi, zitaguswa kwanza na kila mtu kama ni za baridi, na kila mmoja atakoroga, hata kama tutamaliza jua likizama. Hilo nakuahidi, na ni ahadi ya mwisho nitakayokupa. Nikipata korongo, nitalima korongo.

Buriani, Fundi. Lala ukiweza. Ulinifundisha kazi, na kwa kazi hiyohiyo nimekukamata, au nimekusafisha, bado sijui lipi.

Ijumaa saa kumi nitafungua ukurasa wa siku ile. Nataka saa uliyoufuta mstari. Nataka jina la aliyekuwa ameketi kwenye kile kiti. Na nataka neno moja, ndiyo au la: ni wewe uliyelipeleka jina langu 23? Usiniandikie mafumbo ya kiufundi. Na nikikuta ukurasa umechanwa, nitauhesabu kuwa ni jibu.

Rhoda,
mwanachama namba 61